Mlango Alioutaka Obren

Wasikilizaji wapendwa, kila neno mtakalosikia leo ni kweli tupu. Mtangazaji wenu Radisav anaapa kwa masikio yake yote mawili, ingawa moja limeshastaafu.

Tunamkumbuka Obren Gordić, mwana wa mlima Zlatibor. Obren ametutoka majira haya ya theluji. Mjane wake, Bi Rosanda, ameketi hapa studioni, kitambaa cheusi kichwani.

Obren alizaliwa katika nyumba ya magogo ya msonobari, paa lake refu la vigae vya mbao, mlango mfupi, kizingiti kirefu. Ukiingia bila kuinama, nyumba inakufundisha adabu. Baba yake alitolewa kwa mlango ule akiwa maiti. Babu yake vilevile.

Kisha wakaja watu wa makumbusho ya Jelova Kosa, wale wanaokusanya nyumba za kale na kuzipanga upya mlimani. Wakaandika namba kwa chaki kwenye kila gogo. Wakabomoa, wakapakia kwenye lori. Obren mwenyewe aliwashikia ngazi. Lori lilipoondoka, alivuka uwanja mtupu kuelekea pale meko yalipokuwa. Alipofika mahali pa mlango, akainama.

“Ni mimi niliyetaka bomba,” anasema Rosanda. “Nilichoka kuteka maji na kukohoa moshi. Nikasema waichukue, tujenge ya matofali. Yeye hakusema kitu. Afadhali angegomba.”

Wasikilizaji wapendwa, tangu hapo Obren akawa mgeni wa nyumba yake. Kila Jumapili alipanda Jelova Kosa. Dirishani alikaa Milunka, mkata tiketi.

“Mzee, tiketi.”

“Tiketi ya nini? Nimezaliwa humo ndani.”

“Basi nikukatie ya mtoto.”

Akaingia kwa tiketi ya mtoto hadi mwisho wa maisha yake. Aliketi kwenye kigoda kando ya meko, kimya. Siku moja mgeni kutoka mbali akambonyeza shavu kuona kama ni sanamu ya nta. Obren hakupepesa jicho. Mgeni alipogeuka, Obren akapiga chafya. Yule bwana aliteremka mlima akaacha kofia.

“Ilikuwa skafu,” anasema Rosanda.

“Skafu, shemeji. Ndefu.”

Lakini kila mwaka alizidi kukonda, na kila mwaka alirudia jambo lilelile. “Rosanda, nikifa, nitolewe kwa mlango ule.” Hakuomba kingine. Mkuu wa makumbusho alikubali: mleteni, alale kando ya meko, atoke kwake kama baba yake. Obren aliposikia, alilia mbele za watu. Obren, ambaye hata mwanawe alipohamia Vienna hakulia.

Akafa. Siku ya mazishi theluji ilifika kiunoni. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, kijiji kizima kilishika koleo. Trekta ikavuta jeneza hadi juu. Meko yakawashwa, moshi ukapanda darini kama zamani. Wanaume sita wakamwinua Obren, wote sita wakainama pamoja, na akapita chini ya ule mlango mfupi...

“Radisav.”

“Naam, shemeji.”

“Zima huo muziki.”

Muziki ukazimwa.

“Trekta ilikwama mteremkoni, chini ya lango la makumbusho. Tulisukuma mpaka padri naye akasukuma. Tukageuka, tukarudi nyumbani. Obren alitoka kwenye nyumba ya matofali, kwa ule mlango wa kioo unaojifunga wenyewe. Niliushika mimi, usimgonge.”

Mtangazaji wenu akaisogeza maikrofoni mbali na mdomo. Jambo hilo hulifanya mara chache.

“Nilitaka tu, shemeji, huku redioni angalau...”

“Najua ulichotaka. Yeye pia alikitaka. Ungempa alipokuwa hai, asikie. Sasa utalipa.”

“Sema.”

“Arobaini yake ni Jumamosi. Chakula kitaliwa kule juu, mbele ya meko yake. Lori halitapanda. Meza utaibeba wewe, mgongoni. Kisha utasimama kizingitini uwaambie watu alitolewa kwa mlango upi. Neno kwa neno.”

“Goti langu, shemeji...”

“Goti lako lilicheza ngoma harusini kwa Milunka. Nililiona.”

Wasikilizaji wapendwa, kwa Bi Rosanda, kwa mwanawe aliye Vienna na kwa ukoo wote wa Gordić, tunatoa pole kutoka moyoni. Obren Gordić amezikwa, na mlango alioutaka hakuupata. Leo mtakapotoka nyumbani, simameni kidogo mlangoni. Muulizeni aliye mzee humo ndani anataka nini, na mumpe angali anasikia.

Na Jumamosi, mkiona mtu anapanda Jelova Kosa na meza mgongoni, akipumua kama ng'ombe, msimsaidie. Ni mtangazaji wenu, analipa.