Akamwani za Protase

Enzi za Mwingereza, benchi langu la kahawa lilikuwa hapa Bukoba, mkabala na ghala la buni. Wateja wangu wa kila jioni walikuwa wafanyakazi wawili wa ghala hilo: Burhani, tuliyemwita Hakimu kwa kupenda kukata kesi zisizomhusu, na Mustapha, tuliyemwita Redio, na sababu mnaijua. Jioni hiyo kesi ilikuwa ya mwenzao, Protase wa Kishanda. Meneja wa zamani alirudi kwao Ulaya katikati ya msimu, na huyu mpya, hata majina ya watu hajayashika, akatakiwa aandike ripoti ya kila mfanyakazi. Protase kaandikwa mwizi wa buni. Kesho asubuhi anafukuzwa.

— Kisa akamwani tu, alisema Redio.

Na kisa chenyewe kinauma. Protase alikuja na akamwani kutoka nyumbani, zile buni za kutafuna ambazo mkewe huzichemsha na kuzikausha. Akamkaribisha meneja huyo mgeni kwa kumpa atafune, kama afanyavyo Mhaya yeyote aliyelelewa. Bwana yeye akaona mtu wa ghala ana buni mfukoni.

— Hakuna cha akamwani, alisema Hakimu. Meneja wa zamani alimsifu Protase, basi huyu lazima amponde. Fahali wawili hawakai zizi moja.

— Fahali gani, na mmoja yuko melini?

— Ndiyo maana huyu anapiga pembe peke yake.

Redio akaona hilo dogo. Kwake yeye, bwana katumwa kuwakataza Wahaya wote kutafuna, ili buni yote ipande meli. Hakimu asishindwe, akasema kasikia huko Muleba hata migomba itaandikiwa ripoti, na usiozaa mkungu mkubwa utang'olewa.

— Na wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana wiki tatu. Tumpe jembe alime, aliongeza Hakimu.

Tulikuwa tunacheka alipofika Benigna, mke wa Protase, ameshuka kwenye lori la Muleba na kikapu chake. Habari alikuwa nayo. Nilimkaribisha kikombe, akashukuru, hakukigusa.

— Shemeji zangu, alisema, mmefanya kazi na mume wangu miaka yote. Huyo bwana amewauliza habari zake?

— Hajatuuliza, waitu, alisema Redio kwa heshima ya Kihaya.

— Na nyinyi, mmemwendea mkamwambia akamwani ni nini?

Hakimu akatazama ng'ambo ya barabara. Mlango wa ofisi ya bwana ulikuwa bado wazi. Redio, aliyekuwa na habari za dunia nzima, akaninyooshea kikombe nimwongeze.

Nikamwambia kahawa imekwisha. Birika lilikuwa bado zito mkononi mwangu.