Mstari wa Alizeti Uliofika Jikoni

“Jiko langu halihami!” alisema mke wa marehemu. “Hata hiyo mashine ije na wazazi wake, itanikuta nimekaa hapa.”

“Mama watoto,” akajibu marehemu, “mafuta hayapendi kupinda kona.”

Ugomvi huo uliishi katika nyumba ile mwaka mzima, ukila na kulala kama mgeni asiyejua kuaga. Asiyeujua hajamjua huyu tunayemzika leo, ambaye wote tulimwita Fundi Kamba.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1969, mtoto wa nne wa mama yake na wa kwanza kuishi. Cheti kinasema alikuwa na kilo tatu, lakini cheti hakikumbeba. Mama yake anasema zilikuwa kilo saba, na meno mawili juu, akamng’ata mkunga kidole. Mkunga hayupo wa kubisha.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1984. Alipenda hesabu, ila zile za kushikika. Alifunga mafundo kwenye kamba ya katani akapima dawati, akapima mlango, kisha akampima mwalimu mkuu aliyekuwa amesinzia. Akachapwa, na jina likapatikana.

Mwaka 1987 aliingia kazini kwenye kinu cha kusaga nafaka, akawa fundi ambaye kinu kikikohoa yeye anajua kimemeza nini. Hapo kinuni aliwaona wakulima wakipeleka alizeti mbali, kisha wakirudi na chupa za mafuta ya alizeti ileile. Jambo hilo lilimkaa rohoni kama mfupa wa samaki. Akaapa kwamba siku moja atakamua mwenyewe.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na mpishi wa shule. Miaka ya mwanzo mama huyu alipikia uani, mvua ikimwongezea maji sufuriani bila kuulizwa. Mwaka 2000 marehemu akamjengea jiko: sakafu ya saruji, dari, dirisha la wavu, mlango wenye kitasa. Siku aliyokabidhiwa hakupika kitu. Alishinda akifungua mlango na kuufunga, akifungua na kuufunga, na watu wakalala njaa kwa furaha yake.

Sasa, mbegu za alizeti zina safari. Zichekechwe, zikobolewe, zipashwe moto, zikamuliwe. Kisha mafuta yachujwe, yatulie, ndipo yajazwe kwenye madumu. Mwaka jana, alipoamua kukamulia nyumbani kwake, marehemu alitaka safari yote iende mbele tu, vumbi la mbegu lisikutane na mafuta safi mlangoni. Akavuta kamba kutoka ghalani, ikakata uani, ikaingia jikoni. Na chumba pekee chenye dari na wavu, kinachofaa kuchujia, kilikuwa hichohicho.

“Si uugeuze huo mstari uishie upande wa pili?” mkewe aliuliza.

“Upande wa pili kuna choo.”

“Basi mafuta yatapata pa kujisaidia.”

Jumapili moja aliwapanga jamaa zake uani wawe mashine. Kijana wake akawa chekecheke, binti akawa kikaango, na shemeji yake mwenye kitambi akawa kikamulio. Mama yake akawa mbegu, kwa kuwa amekwisha kukauka vizuri. Shemeji alivyomkumbatia, bibi wa watu akatoa mafuta nusu lita, na asiyeamini akaikague nguo yake. Mke akawapokea mlangoni pa jiko, mikono kiunoni: “Mbegu irudi ilikotoka!” Marehemu alicheka mpaka akakaa chini. Hakuweza kuinuka mwenyewe.

Ulikuwa moyo. Ulipanuka, miguu ikavimba, pumzi ikawa ya kuomba. Madaktari walitoa dawa, majirani wakatoa mizizi, mama yake akatoa dua, na yote yakawa kuchota maji kwa chekecheke. Mwezi wa pili mwaka huu kikamulio chenyewe kikaletwa. Kilishushwa uani na hakuna aliyejua kinafungwaje. Kikafunikwa turubai. Watu wakawa wanakizunguka na kusema, “Atapona, aje akifunge.”

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, katika hospitali kuu. Ameacha mama, mke, kijana mmoja, mabinti wawili, shemeji, na wajukuu wanne ambao wote wanadai walipewa ile kamba.

Asubuhi ya siku hiyo mkewe aliketi ukingoni mwa kitanda, watoto wakiwa wamesimama kando.

“Baba watoto, chukua jiko. Nimeshatoa masufuria.”

Marehemu akamtazama sana. “Na meko?”

“Na meko. Mlango pia ung’oe ukitaka. We inuka tu, twende ukapime.”

“Mama watoto.” Akavuta pumzi, akaitafuta nyingine. “Sikiliza. Ule mstari…”

Nesi akaingia akisukuma mtungi wa hewa, akawaomba wampishe. Wakatoka, na neno lililobaki akaondoka nalo.

Mungu ampokee, ampe pumziko jema.