Mzee Shitanda na Ndoto Zetu za Asubuhi

Wachungaji wetu, majirani wa Jericho, wenzake Baba wa kiwandani, na ninyi nyote mliokuja kumuaga kabla ya basi kuondoka kwenda kumzika Khwisero, mimi ni Norah, mtoto wake wa pili, na familia imenituma niwasomee maisha yake, kwa hivyo nivumilieni kidogo.

Mzee Zakayo Shitanda alizaliwa tarehe 4 Machi 1931 huko Khwisero, wilaya ya Kakamega, akimfuata kaka yake Mulama, na mama yao alikuwa na desturi ya kuwauliza kila asubuhi, kabla hawajanawa uso, wameota nini, desturi ambayo Baba aliibeba hadi mjini. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la sita, mwaka 1946, ambako alisifiwa kwa mwandiko wake na kuchapwa kwa kusinzia.

Mwaka 1954 alimfuata Mulama hapa Nairobi, akaajiriwa katika kiwanda cha rangi huko Industrial Area, kazi yake ikiwa kuchanganya rangi, akaifanya hadi alipostaafu mwezi wa Juni 1987. Tarehe 18 Agosti 1956 alifunga ndoa na mama yetu, Annah Nabiswa, katika kanisa dogo la Kaloleni, wakabarikiwa watoto watatu, Johnson mwaka 1957, mimi mwaka 1960, na kitinda mimba wetu mwaka 1967, aliyeitwa Mulama kwa sababu Mulama mkubwa alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, sebuleni kwetu, kwa ugonjwa wa kifua. Ami huyo alianza kuvuta sigara akiwa na miaka kumi na minne, na Baba ndiye aliyemshikia beseni alipokuwa akikohoa, na baada ya mazishi alimwambia Mama kwamba katika nyumba hii moshi utatoka kwenye jiko peke yake.

Hakutuhubiria, wala hakutupiga. Kila asubuhi, chai ikichemka na dirisha likianza kuwa la samawati, aliketi kwenye kigoda, akamwita mtoto mmoja mmoja akae mbele yake, magoti yakigusana, uso kwa uso, amsimulie ndoto yake, na watoto wa majirani nao wakazoea kuja, wana wa Mama Waithera na Kimeu wa mlango wa pili, wengine wakiwa bado wamejifunga shuka. Nilipomwambia nimeota gari la moshi likipita juu ya mapaa ya Jericho bila kelele, limejaa maboga, hakucheka, aliuliza tu lilikuwa linaelekea wapi, kisha akaenda kazini akiliwaza.

Tulipobalehe, sigara ilituzunguka kama ilivyowazunguka vijana wote wa mtaa, na nyuma ya ukumbi wa jamii, mwaka 1973, wavulana walikuwa wakipokezana moja mpaka iwachome vidole, lakini ilipomfikia Kimeu alirudi nyuma akasema, “Mimi sitaki hiyo fegi, buda wa Johni atanusa kesho,” yaani baba yake Johnson, maana sote tuliamini kwamba mzee hutusogelea vile ili atunuse pumzi. Johnson, aliyekuwa na miaka kumi na sita, aliivuta, akatafuna majani ya mpera usiku kucha, na asubuhi Baba alipomwinamia na kumwuliza ameona nini, kaka yangu alilia akasema hajaota chochote, amevuta. Baba alimshika magoti, akamsimulia juu ya lile beseni, halafu akamwambia aje kesho na ndoto. Johnson hajagusa sigara tena mpaka leo, na hata Kimeu, aliyeketi pale mbele, hajawahi.

Novemba 1987 Baba alianza kuugua figo, akalazwa Januari, na siku moja Mama alimletea samaki wa kukaanga ndani ya sufuria, chumba kizima kikanukia, lakini Baba, aliyekuwa amefumba macho, akauliza ni chakula gani. Johnson alimtania kwamba pua iliyotisha Jericho nzima imestaafu, naye Baba akatueleza, bila haya, kwamba hajasikia harufu yoyote tangu mwaka 1969, kwa sababu ya mvuke wa rangi na thina ya kuyeyushia rangi, na Mama akacheka, kwani ndiye aliyekuwa akimwonjea maziwa asije akanywa yaliyoharibika. Yaani miaka yote ile hakuwa akitunusa, alikuwa akitusikiliza tu, na mimi nililia pale kitandani kwa furaha na kwa uchungu.

Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Aprili 1988, akiwa na miaka hamsini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea maji na kuni, akina mama wa kanisa, na wenzake wa kiwandani waliotupatia basi.

Baba, leo asubuhi hakuna aliyeniuliza, kwa hivyo naisema hapa mbele ya watu. Nimeota lile gari la moshi limerudi juu ya mapaa yetu, wewe umekaa dirishani na Ami Mulama, hakohoi, na umeshika boga lililopasuliwa, unalinusa, unacheka. Uliniuliza linaelekea wapi, na sasa nimejua, linaelekea Khwisero. Lala kwa amani, Baba, na ukiota, utatusimulia.