Yai la Baba Yake: Risala ya Darasa la Jikoni

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wetu mpya,
Viongozi wa hospitali, wapishi na wasafishaji wenzetu,

Karibu katika chumba hiki cha kumenyea viazi. Wakubwa wengi hukipita wakifuata harufu ya chai kule mbele. Wewe umeingia, ukakaa kwenye benchi letu. Umetuheshimu. Saa hizi za alasiri, masufuria yakishaoshwa na mvuke ukiwa bado unaelea darini kama usingizi uliokosa pa kwenda, ndipo sisi hujifunza Kiingereza.

HISTORIA YETU

Darasa hili lilianzishwa na simu. Mkubwa wetu sote, mpishi wa uji tunayemwita Bibi Chumvi, alipigiwa na mjukuu wake aliyezaliwa ng'ambo. Baba wa mtoto, mwana pekee wa Bibi, alikuwa amefariki huko na kuzikwa huko huko. Mtoto hajui Kiswahili. Bibi hakujua Kiingereza. Akaweka simu sikioni, akasikiliza pumzi za mtoto mpaka laini ikakatika.

Kesho yake alimwendea Bwana Lishe, mtaalamu anayepanga milo ya wagonjwa, akamwomba amfundishe. Bwana Lishe akauliza waanzie wapi.

"Anzia na hiki nilichoshika," Bibi akasema.

Alikuwa ameshika yai. Sisi tuliokuwa tukimenya viazi tulisogeza masikio, kisha tukasogeza na viti.

MAFANIKIO

Kiswahili chetu hakina makuu: yai ni yai. Kiingereza kinataka kitu kitanguliwe na kijineno. Yai ni "an egg", ndizi ni "a banana". Wali hauhesabiki, hivyo msafishaji wetu mmoja aliposema "a rice", Bwana Lishe alimwekea punje moja kwenye sahani, akamtakia mlo mwema. Leo tunaweza kutamka kikombe cha chai ya moto isiyo na sukari kwa pumzi moja, na mgonjwa mgeni akiomba maziwa hatumpelekei maji.

Kilichotusumbua ni "the". Bibi alimpigia mjukuu amsimulie kisa cha baba yake, akaanza moja kwa moja na "the egg". Mtoto akauliza, yai gani? Bibi akakwama, akakata simu, akaja darasani amenyong'onyea. Bwana Lishe akamweleza taratibu: "Kwanza mpe yai asilolijua. Akishalipokea, ndipo liwe lile, lenu wawili."

Jumamosi akapiga tena, sisi tumemzunguka. Akasema palikuwa na mvulana mdogo, "a boy", naye akapata yai, "an egg". Halafu yule mvulana akalificha lile yai kitandani, akalilalia, akitaka litoe kifaranga. Kulipokucha, shuka lote njano. Mtoto akacheka kule mbali, akauliza mvulana huyo ni nani.

"The boy is your father," Bibi akasema.

Mgeni rasmi, kwa kitambo kile hatukuwa jikoni. Tulikuwa sote pembeni mwa kitanda kile, na mtoto tusiyemjua alikuwa amesimama kati yetu.

CHANGAMOTO

Tumesikia kwamba Bwana Lishe anahamishwa, na chumba hiki kitakuwa stoo ya magodoro. Bibi naye anastaafu mwisho wa mwezi, na mlinzi wa getini haruhusiwi kumwingiza asiye mfanyakazi. Hatulalamiki, mipango ya hospitali ni mikubwa kuliko viazi vyetu.

Ila mtoto ameuliza swali jingine: mbona bibi hakuja kumzika baba? Kwa Kiingereza Bibi alikuwa na mkate, maziwa na machungwa. Neno la kujibia hakuwa nalo. Akamwomba angoje. Mtoto akasema atangoja mpaka aje likizo.

MAOMBI

Tunaomba tuendelee kukitumia chumba. Magodoro tutayapanga wenyewe ukutani. Tunaomba Bibi afunguliwe geti kama zamani. Na ikikupendeza, Bwana Lishe aachwe nasi hadi likizo ya shule, mtoto atakapokuja. Vyakula tumevimaliza. Yaliyobaki ni maneno ya kumwambia mtoto aliyekaa mbele yako akikutazama, nayo Bibi hataki kusemewa na mtu.

Mungu akujalie nawe ile afya unayowahangaikia wengine, na kila aliye mbali na walio wake apate sikio la kumwelewa.

Ni sisi,
Darasa la Jikoni