Bwana Kuramochi Aondoka Dirisha la Waliopotea

Tarehe 31 Machi, saa kumi na moja jioni, Bwana Shigeo Kuramochi atavua glavu zake nyeupe baada ya miaka thelathini na minane kwenye dirisha la maelekezo la stesheni yetu hapa Tokyo. Sisi tunaobaki tumeshaanza kupotea.

Alipoajiriwa alikuwa na ndoa ya miezi miwili, na ahadi moja kwa mkewe, Bi Tamae: siku moja watapanda pamoja treni ya mzunguko, wazunguke jiji kutwa nzima kama abiria, bila sare wala haraka. Ikumbukeni hiyo ahadi.

Stesheni yetu ina njia kumi na mbili za reli na milango mia moja sitini na mitatu, na huyu bwana anayo yote kichwani. Siri yake ni kwamba hakumwuliza abiria anapanda treni gani. Alimwuliza anataka kutokea mlango gani, kisha akarudi kinyumenyume: mlango, ngazi, behewa, ndipo treni. "Fuata mstari wa kijani, mama, usifuate watu," alizoea kusema. "Hao wenyewe wamepotea, ila wanatembea haraka!"

Kazi ilimwingia mwilini. Bi Tamae anatuapia kwamba hata nyumbani hunyoosha kidole na kutangaza, kama tufanyavyo sote kazini: "Jiko, limezimwa! Friji, imefungwa! Mke, yupo!"

Na alikuwa mkali, jamani! Treni ikichelewa, tunatoa kikaratasi chenye mhuri mwekundu, cha kuthibitisha kwamba kosa ni letu, abiria akamwonyeshe bosi wake. Lakini aliyejipandia treni ya haraka ikapita kituo chake bila kusimama, kwa Kuramochi hapati ng'o. "Treni imefika kwa wakati, bwana. Aliyechelewa ni wewe."

Miaka kumi na moja iliyopita, siku ya ahadi ikawadia. Walifika getini wamependeza, Bi Tamae na vikasha viwili vya chakula cha mchana. Mara bibi mmoja kutoka Akita, mbali huko kaskazini, akauliza njia. Bwana Kuramochi akamsindikiza hadi mlangoni, na huko akawakuta wengine sita wanashangaa ramani. Aliporudi, saa tatu zilikuwa zimepita, na mkewe bado yuko kwenye benchi.

"Nimekula changu, nikala na chako," alimwambia. "Twende nyumbani."

Akaja dirishani, kichwa chini, kuomba kikaratasi cha kumpa mkewe. Zamu ilikuwa yangu. Nami, mwanafunzi wake mwema, nikamjibu: "Mzee, leo treni zote zimefika kwa wakati." Tulicheka wiki nzima. Ila naungama, uso wake wa siku ile sijausahau.

Basi, Bwana Kuramochi, hatukununua saa ya ukutani wapewayo wastaafu. Zawadi yetu ni kikaratasi kimoja, chenye mhuri mwekundu na sahihi zetu sote, kwa Bi Tamae: "Mleta karatasi hii amechelewa miaka thelathini na minane. Kosa si lake, ni letu."

Treni ya mzunguko inaondoka Aprili mosi, saa tatu na dakika nne asubuhi. Akitokea aliyepotea, mwonyeshe dirisha letu kwa kidole, kisha uendelee kutembea. Tunakushukuru kwa kila mtu uliyemfikisha kwao, na tunawatakia nyinyi wawili mizunguko mingi yenye heri.

Bi Tamae, vikasha viwili tafadhali. Safari hii mwachie chake.