Mwalimu Reginald Nandonde na Nyota ya Kulinganishia

Marehemu Mwalimu Reginald Optatus Nandonde alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Mkunya, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Optatus na Mama Dominika. Aliyemfuata ni Stella, ambaye ndiye mimi ninayewasomea. Nilicho nacho leo si kilio peke yake. Ninaogopa, na sababu yake nitaisema.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, sekondari Masasi na chuo cha ualimu Mtwara. Tangu 1996 alifundisha fizikia Newala mjini. Mwaka 1999 alifunga ndoa na Oliva katika Kanisa la Anglikana, wakajaliwa Emilia na Bonifasi.

Kilichomfurahisha kuliko hata korosho kupanda bei ni nyota zinazobadilika mwanga. Aliagiza picha kwa mtandao kutoka kwenye darubini za nchi za mbali, kisha kwa programu ya kompyuta akaupima mwanga wa nyota yake kwa kuulinganisha na wa nyota jirani isiyobadilika. Bibi Naima, jirani yake, alimwuliza, "Mwalimu, ukishazipima hizo, maji yatatoka?"

"Hapana, Bibi. Ila nimegundua hata huko juu mwanga ni wa mgao."

Mwaka 2021 alituma taarifa kwamba nyota yake imefifia kupita kawaida. Wenzake wa mtandaoni wakamsahihisha: ile aliyoilinganisha nayo ndiyo iliyokuwa inaongezeka mwanga. Alijicheka wiki nzima.

Mwaka jana presha ilimpanda, miguu ikaanza kuvimba. Oliva akamsihi aende hospitali. Akamjibu, "Mwone Stella, naye anavimba miguu kila jioni na bado analima. Ndivyo tulivyoumbwa." Nami nilipoulizwa habari za miguu yangu, nilimtaja yeye.

Mwezi uliopita alilazwa Mkomaindo, Masasi. Figo zote mbili zilikutwa zimejaa vifuko vya maji, na daktari akasema ugonjwa huo ni wa kurithi. Kaka alinishika mkono. "Mdogo wangu, tumelinganisha mgonjwa na mgonjwa. Nenda kapime." Alifariki alasiri ya Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025.

Ameacha mjane, watoto wawili na dada mmoja. Daktari ametaka watatu kati yetu tupimwe: Emilia, Bonifasi na mimi. Juzi, tulipofuata mwili, nilifika hadi mlango wa maabara, nikageuka. Emilia alikuwa nyuma yangu. Akaniambia, "Shangazi, usipoingia wewe, na mimi siingii." Ana miaka ishirini na tatu, na Bonifasi naye anatusikilizia sisi.

Ninaogopa sana, ndugu zangu. Lakini Jumatatu ijayo nitaingia wa kwanza, Emilia anione. Mtuombee.

Kaka Reginald, Bwana akupokee, ulale kwa amani.