Muzee Étienne na Mlango Ambao Haukurudi

Wapendwa wasomaji wa gazeti letu la kazini, salamu katika jina la Bwana. Mko salama? Watoto wanalala vizuri na hii milio ya bunduki? Siye huku Bunia tungali tunapumua, Mungu asifiwe.

Tarehe 31 mwezi wa tatu 2006, Muzee Étienne anaacha kazi ya usentineli, kulinda mlango usiku na mchana, baada ya miaka thelathini na miwili kwenye Nyumba ya Wageni ya umoja wetu. Ndiyo ile ambayo ramani yake ilichorwa na Van Hoecke, arshitekte wa Ubelgiji mwenye jina kubwa. Barza inaizunguka yote, na kila mlango ni wa mbao ya libuyu, umechongwa jua katikati.

Kila asubuhi Muzee alipiga hodi kabla ya kufungua, hata nyumba ikiwa tupu. Tulimcheka sana.

Vita ilipoingia mjini mwaka 2003, siye wengine tulikimbilia Komanda. Yeye alibaki, maana mke wake, Mama Léontine, alikuwa na homa, hawezi kutembea. Wenye bunduki walipofika, Muzee aliwaomba wapanguse viatu. Mmoja akaangua kicheko: "Weye muzee, tunakuja kuiba, unatuambia tupanguse viatu?" Lakini walipangusa. Kisha wakabeba milango yote, ukabaki ule wa stoo tu.

Juma lile Mama Léontine akafa. Njia ya makaburini ilikuwa ya risasi, mbao hakuna, seremala hakuna. Muzee aliyelinda milango ile maisha yake yote akaung'oa wa mwisho kwa mikono yake, akamzika mkewe uani, mlango juu yake. Msalaba hakuweka, asije akaitwa mwizi. Alipanda maua tu.

Leo nyumba imetengenezwa. Milango imetafutwa mjini, imerudi. Jumapili iliyopita Muzee aliwatembeza wageni chumba kwa chumba. Kwenye stoo walikuta pazia mahali pa mlango. Bwana Fulgence, mkubwa wa matengenezo, akamuuliza: "Muzee, na huu mwingine iko wapi?"

"Iko ku kazi, shefu."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika sinia ya chai, sikucheka. Mpishi huambiwa mengi jikoni.

Uani, Bwana Fulgence akakunjua mchoro wa zamani: hapa palikuwa na bwawa dogo la maji, baada ya Pasaka litachimbwa tena. Kidole chake kilionyesha maua. Muzee akavua kofia. Wageni waliondoka, yeye bado amesimama.

Baba Étienne, asante. Bwana akupe usingizi ambao kazi ilikunyima.

Na ninyi wakubwa wetu, amenipa ruhusa niwaandikie haya. Bwawa lichimbwe upande mwingine, naye aachiwe kuingia kumwagilia maua yake. Atapiga hodi, mnamjua. Pasaka iko karibu. Tafadhali, mtujibu upesi.